Kombe la Kuchotea Mchanga

Vijana wa karakana, siku ile mliponiaga kwa soda na keki iliyoandikwa jina langu likiwa limekosewa herufi moja, mlisema niandike mambo ya kazi yasipotee. Haya, nimeandika. Habari za kupandishwa cheo hamtazipata hapa. Nilipandishwa mara moja tu, kwa sababu mwenye cheo alihamia Eldoret na hakuna mwingine aliyetaka kubeba funguo za stoo. Mshahara nao mnaujua, ni kama huo wenu. Nitawaambia habari za vyuma, na zaidi nitawaambia kosa langu moja ambalo nikilikumbuka nikiwa mezani, narudisha tonge sahani kwanza.

Kabla ya Kitale nilikuwa Bungoma, nikinyoosha magari yaliyogongana. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko hii niliyokaa na nyinyi. Aliyenifundisha alikuwa na njia moja tu ya kukagua: anafumba macho, anapitisha kiganja juu ya mlango wa gari polepole, na akihisi kitu, hata kachembe, anakwambia rudia. Macho yanadanganywa na rangi, alikuwa anasema, lakini kiganja kinasema ukweli. Basi nilipaka pati, ule udongo wa kuziba mabonde ya bati, nikasugua kwa msasa na maji mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, nikapaka tena, nikasugua tena. Watu wakaniita Msasa na sikukasirika. Kuna wanaume walitoka kwangu na magari ambayo mpaka leo wake zao hawajui kwamba yaligonga ng'ombe.

Kilichonitoa Bungoma ni kifua. Vumbi la pati na moshi wa rangi vilinikaa ndani, nikawa nakohoa hata kanisani wakati wa maombi, watu wanageuka. Daktari akaniambia nitafute kazi nyingine au nitafute mapafu mengine. Binamu yangu akanisemea pale karakana ya mashine za shamba Kitale, wakakubali kunichukua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati mtu mwenye simu ya mkononi alikuwa akiishika mkononi kweli, watu wote waione. Mimi nilikuwa na mvi tayari, na ndiyo naanza kazi upya.

Siku ya kwanza niliona baridi ya Kitale si mchezo. Vyuma vilikuwa baridi hivi kwamba ukishika spana asubuhi unaiachilia. Nilikabidhiwa kwa Mzee Gitau, mchomeleaji mkuu. Wazee wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakaja Trans-Nzoia, na yeye alikuwa hana kwao kwingine ila hapo. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufi iliyoungua hapa na pale kwa cheche, na alikuwa bahili wa maneno kabisa. Alinionyesha diski ya plau iliyojaa kutu, akasema, "Safisha," akaenda zake.

Nikasema moyoni, leo huyu atanijua. Nilisafisha ile diski, nikaipiga msasa, nikaisugua mpaka ukiinama unaona meno yako. Mzee Gitau aliporudi aliizunguka mara mbili.

"Inaenda harusi?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Hii inaenda kuzikwa, Wekesa. Udongo hauangalii sura. Nilitaka tu nione kama ina ufa."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi nilinuna wiki mbili.

Sasa niwaambie habari ya pale nyuma kwenye mfereji wa kunawia, kwa sababu nyinyi mlikuta sabuni ya maji na mkadhani imekuwapo tangu zamani. Wakati wetu grisi tuliitoa kwa sabuni ya unga na mchanga wa mto. Kulikuwa na debe la mchanga, na kila mtu akimaliza kazi anachota kidogo, anachanganya na sabuni, anasugua mikono. Vya kuchotea tulivijaribu vingi. Kifuniko cha mkebe kililika makali yake mpaka kikawa kama kipande cha karatasi. Vijiko vya plastiki ndiyo usiseme.

Binti yake Mzee Gitau alikuwa mwalimu kule pwani, na likizo moja alimletea baba yake makombe mawili ya bahari. Mzee hakuwa mtu wa mapambo. Aliyaleta kazini, akayatia kwenye debe la mchanga, basi. Moja lilikuwa laini tupu, jeupe, linang'aa kama sahani ya wageni. La pili lilikuwa la rangi ya kahawia na mgongo wake wote ulikuwa matuta matuta, yamepangana moja nyuma ya lingine, sambamba na mdomo. Ukilipapasa linakukwaruza. Mnajua nilichagua lipi. Lile laini likawa langu, na mtu mwingine akilichukua namwambia, "Hilo ni la Msasa, bana, shika hilo lenye upele."

Miezi ikapita. Kombe langu lilipoteza mng'ao kwanza, halafu likawa jembamba, ukiliinua juani unaona mwanga wa njano ukipita. Siku moja nikachota mchanga ukamwagika wote kwenye viatu vyangu. Limetoboka. Nikatazama lile lenye matuta: debe ni lile lile, mchanga ni ule ule, na watu walikuwa wakilitumia zaidi kwa sababu langu nimewakataza. Vichwa vya matuta vilikuwa vimebutuka kidogo. Zaidi ya hapo lilikuwa zima.

Mzee Gitau alichukua yote mawili, akaketi nayo wakati wa chai, mandazi yakapoa. Halafu akaniita.

"Angalia hapa katikati ya matuta. Unaona nini?"

"Mchanga."

"Umekaa kama abiria. Hautoki. Sasa mwingine ukija kwa nguvu, unagonga nini?"

"Unagonga huu uliokaa."

"Eeh. Mchanga unakula mchanga. Kombe linachekea ndani." Akalipindua. "Na chembe ikifika kwa tuta inarushwa, inabingirika. Kwa lako inateleza tu, inachora kutoka mwanzo hadi mwisho."

Mimi sikupenda. Nikamwambia pengine langu lilikuwa jembamba tangu kuzaliwa, au pengine ni kabila lingine la kombe.

"Pengine," akasema. "Mimi sio profesa. Wacha tujaribu kwa chuma."

Tukajaribu. Tulichukua ncha mbili kuukuu za plau, zile pua za chuma zinazotangulia udongoni. Kwa wale wenu mnaofanya hesabu za ofisini tu: pua hizo ndizo zinazoliwa kwanza, na tunazirudishia uhai kwa kuchomelea juu yake chuma kigumu cha rodi maalum. Kila mtu pale alikuwa akikisambaza chuma hicho sawasawa kama siagi kwenye mkate. Mzee alisambaza ncha moja hivyo, na ya pili akaipiga matuta, rodi zikiwa idadi sawa, matuta yakikingama njia ya udongo na nafasi ya kidole kati yao. Tukazifunga kwenye plau moja, ikaenda kulima. Iliporudi tulipima kwa shubiri, hatukuwa na kifaa kingine. Ile ya siagi ilikuwa imerudi nyuma sana. Ile ya matuta ilikuja na udongo umeshindiliwa katikati ya matuta, mgumu, mpaka nikautoa kwa bisibisi.

Kwa hiyo msije mkasema sikufundishwa. Nilionyeshwa, nikaelewa kwa kichwa kabisa. Lakini mkono wangu ulikuwa bado uko Bungoma.

Mama Simiyu alikuja kwetu mara ya kwanza kabla ya mvua, mwezi wa vumbi, wakati wa kulima ardhi ikiwa kavu. Alikuwa wa Ndalu, mjane wa mwaka mmoja. Mumewe alimwachia trekta moja na plau ya ncha tatu, na dereva wa zamani alipoacha kazi, mama huyu alipanda juu mwenyewe. Alikuja amevaa gamboti miguuni na leso kichwani, akanisalimia, "Mulembe, fundi," akamwaga zile ncha kutoka kwenye gunia. Zilikuwa zimelika mpaka huwezi kujua zilikuwa na umbo gani. Madukani ncha mpya za aina yake hazikuwepo.

Alitueleza shida yake bila kulia. Shemeji yake, Mzee Makokha, alikuwa ameitisha kikao cha ukoo akasema trekta haiwezi kukaa na mwanamke, iuzwe. Wazee wakampa mama msimu mmoja. Kama atalima shamba la nyumbani na mashamba ya majirani waliomwandikisha kabla ya mvua kuanguka, trekta ni yake na watoto. Akishindwa, Makokha alete mnunuzi.

"Na mnunuzi ameshapatikana," akasema. "Anakujanga Jumapili kuiangalia. Anazunguka hivi, anapiga tairi teke. Mimi niko tu jikoni naona."

Mzee Gitau alizichukua ncha zile akazifanyia kazi siku mbili. Shamba moja aliloandikishwa lilikuwa upande wa chini kuelekea Bungoma, ardhi ya mchanga inayokula chuma kama mahindi ya kuchoma, basi Mzee alipiga matuta ya hali ya juu, yaliyonyooka. Kisha akaitwa Lugulu, dada yake amelazwa katika hospitali ya misheni. Akaniambia, "Mama anakuja kesho. Mpatie tu. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu. Maneno mawili. Mtu angedhani mzee mwenye mvi anaweza kuyashika.

Kesho yake asubuhi nikaambiwa Mama Simiyu anakuja na shemeji yake, ati Mzee Makokha anataka kuona kazi kwa macho yake. Nikaziangalia zile ncha mezani. Ole wangu, zilionekana vibaya! Vinundu, mabonde, masizi. Nikasema, mzee mgumu kama yule akiona hivi atasema hawa mafundi walevi, na mama atadharauliwa hapa hapa. Kweli nilijiambia namsaidia mama. Lakini niseme yote: nilikuwa naona haya mimi mwenyewe. Sikutaka mtu atoke pale akisema kwamba hiyo ni kazi ya Msasa.

Nikachukua grainda, ile mashine ya jiwe la kusagia chuma. Nilianza na tuta moja, nipunguze tu. Halafu la pili halikufanana na la kwanza. Mnajua inavyokuwa. Mawe mawili ya grainda yaliisha hapo, na hata hilo halikunishtua: chuma kinachomaliza mawe mawili kinakuambia kitu, na mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa kelele zangu. Nilipomaliza zilikuwa laini. Nikafumba macho nikapitisha kiganja. Nikazipaka rangi ya buluu.

Walipofika, Mzee Makokha alishika ncha moja, akaipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Hapa mmejaribu."

Mama Simiyu hakushika. Alizitazama tu. "Fundi, si Mzee alisema zitakuwa na migongo migongo?"

"Ziko ndani, mama," nikamwambia. "Hii ni kumalizia tu."

Ziko ndani! Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Siku ya nne alirudi peke yake, amepata lifti ya lori la mahindi. Mzee Gitau alikuwa amesharudi kutoka Lugulu. Mama aliweka gunia mezani, akazitoa ncha moja moja, akazipanga. Zilikuwa zimelika kupita chuma kigumu, mpaka kwenye chuma cha kawaida. Midomo imegeuka mviringo.

"Mzee, unisamehe," akamwambia Gitau. "Nimekuharibia kazi. Pengine niliingia ndani sana. Shemeji anasema naendesha kama nakimbizwa. Hata mimi sijui tena." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Mnunuzi anakuja kesho kutwa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika kitambaa. Huyu mama alikuwa anaomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza, vijana. Nilipangusa spana iliyokuwa safi.

Mzee Gitau aliinua ncha moja, akakwangua kwa ukucha pale nyuma karibu na shimo la bolti. Chembe ya rangi ya buluu ikatoka. Akautazama ule ukucha, akanitazama mimi, akarudisha macho kwa mama.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Kesho kutwa asubuhi tutakuwa kwako na mashine."

Mama alipoondoka nilingoja matusi. Hayakuja. Mzee alienda stoo akahesabu rodi ngumu. Zilibaki tisa. Nyingine zote zilikuwa vumbi chini ya meza yangu.

Asubuhi ile ya ahadi tulipakia mashine ya kuchomelea ya jenereta nyuma ya pikapu tukashika barabara ya Ndalu. Mzee aliendesha mpaka tukakaribia sokoni. Hapo akauliza, macho yake yakiwa barabarani, "Utasema wewe, ama niseme mimi?"

"Nitasema," nikajibu.

Mzee Makokha alikuwa uani na mnunuzi wake na wazee wawili wa ukoo, wamekalia viti vya jikoni. Mama Simiyu alikuwa amesimama kando ya trekta. Hata chai hatujapewa, Makokha alikuwa ameanza.

"Mmekuja kuona pia nyinyi? Siku tatu tu, chuma imeisha. Chuma nilishika na mkono wangu, chuma mzuri! Huyu mama anaharibu. Mimi simchukii, lakini trekta ni ya mwanaume."

Wazee wakatikisa vichwa. Mama Simiyu akatazama gamboti zake. Hakujitetea, kwa sababu alikuwa ameamini.

"Si yeye," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Si yeye, Mzee. Ni mimi. Huyu Mzee Gitau alizichomelea vizuri, na matuta ya kuzuia udongo. Akaniambia nisiguse. Mimi nikaona aibu ukija uzione zina vinundu, nikachukua grainda nikayatoa yote, nikapaka rangi. Ile chuma ulipapasa ukasifu, ilikuwa imekwisha kabla haijaingia shambani. Hata ungeendesha wewe, hata ningeendesha mimi, ingelika siku hizo hizo tatu. Mama alinyoosha mistari yake ya kulima vizuri. Mimi ndiye nimeharibu."

Kuku mmoja akapita katikati yetu. Mzee Makokha alinitazama kutoka viatu mpaka kofia, na nikajua anatafuta neno kali kwa Kibukusu na yanakuja mengi kwa pamoja.

"Ati rangi?" akasema mwishowe.

Lakini aliyeniumiza ni Mama Simiyu. Alikuja mbele yangu karibu, akasema polepole, "Usiku tatu silali. Nasema, kumbe kweli siwezi. Kumbe baba ya Simiyu aliniachia kitu si yangu." Akaninyooshea kidole. "Na wewe ulikuwa umesimama hapo, unapangusa spana. Fundi, mimi nilikuomba rangi?"

"Hapana, mama."

"Nilikuomba rangi?"

"Hukuniomba. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Fanya kazi."

Nikamgeukia Mzee Gitau nikitegemea atashika rodi. Yeye alikuwa ameshakaa juu ya jerikani, amekunja mikono. "Mimi niliyaweka mara moja," akasema. "Wewe uliyatoa. Yarudishe."

Nilikuwa sijawahi kuyapiga matuta kwenye kazi ya mtu. Na rodi ni tisa kwa ncha tatu: rodi tatu kila moja, hakuna ya kufanyia makosa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mkono. Rodi tatu haziwezi kufunika ncha hata ungezinyoosha vipi. Lakini kwa matuta zinatosha, kwa sababu mabonde huyajazi wewe, hujazwa na shamba lenyewe. Nilipiga tuta la kwanza likikingama njia ya udongo, nikaruka kidole, nikapiga la pili. Lilipinda. Mzee Gitau akakohoa. La tatu likanyooka. Jasho liliingia machoni chini ya ile ngao ya uso ya kuchomelea na sikulifuta. Nilipomaliza, kipande cha rodi kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko kidole gumba.

Zilikuwa mbaya kuliko za Mzee. Nilizifunga hivyo hivyo.

Mzee Makokha alisema mbele ya wale wazee, kwa sauti ya mtu anayepunguza bei shingo upande, "Haya. Amalize wiki hii na hizo chuma zenye upele. Akirudi kwa fundi tena kabla ya kumaliza, mimi sina maneno mengine." Mnunuzi akauliza kama aje Jumapili. Makokha akamwambia angoje.

Mama Simiyu alipanda, akawasha, akashusha plau kwenye shamba la nyumbani. Tulitembea nyuma yake kwenye mtaro, mimi na Mzee, vumbi likitufunika. Alipofika mwisho akainua plau, nikainama chini yake. Udongo ulikuwa umejaa katikati ya matuta yangu yote, hata lile lililopinda, umeshikana na kung'aa. Vichwa tu vya matuta ndivyo vilivyoonekana. Mzee Gitau aliinama pia, akaweka ukucha wake pale, akasema, "Eeh," na kwa mtu yule hilo lilikuwa hotuba.

Alilima wiki ile yote. Alimaliza nyumbani, akamaliza majirani, akateremka mpaka lile shamba la mchanga. Hakurudi kwetu. Kila siku mimi nilikuwa nasikiliza lori likipunguza mwendo langoni, halafu linapita. Mvua ilianguka mwanzoni mwa wiki iliyofuata, kubwa, ya kupiga mabati. Nilisimama mlangoni mwa karakana nikaitazama bila kujua kama alikuwa amemaliza. Habari tuliipata kutoka kwa Makokha mwenyewe, alikuja kutengeneza mpini wa pampu. Alisema kila kitu kililimwa, siku moja kabla ya mvua. Halafu akaongeza, akitazama kando, kwamba amejiandikisha kwa shemeji yake msimu ujao, kwa vile shamba lake yeye lilichelewa.

Kwa hiyo haya ya kazi niwaachie hapa kwa haraka. Udongo wa mchanga, piga matuta yakikingama njia yake. Kwenye mawe, kama kule juu Kapsokwony, yapigeni yafuate njia, jiwe lipite juu bila kukwama, mkiyakingamisha yatang'oka. Msijaze mabonde. Msichomelee chuma chenye unyevu. Na kazi ikitoka mbaya ya kutazama, mwacheni mwenye shamba aamue ubaya wake baada ya kuvuna. Mzee Gitau alistaafu miaka michache baadaye na hakuniambia hata siku moja kwamba nimejua kazi. Aliniachia ngao yake tu.

Mama Simiyu alikuja kila msimu. Hakumkubali fundi mwingine, na mimi mwanzoni nilidhani ni heshima. Haikuwa heshima hata kidogo. Alikuwa akifika anakwenda moja kwa moja kwenye meza yangu, anachukua spana ya grainda, anafungua lile jiwe, anatia kwenye mkoba wake, kati ya leso na Biblia. Kisha anavuta kiti anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Mara ya kwanza nilijaribu kucheka, akanitazama tu, kicheko kikaisha. Akimaliza kufunga gunia lake ananirudishia jiwe, anasema, "Asante, fundi," anaondoka. Msimu kwa msimu ilikuwa hivyo hivyo, na nyinyi mlioingia baadaye mlikuwa mkicheka mkisema mama yule ananilinda kama mfungwa. Sikuwaeleza. Sasa mnajua.

Msimu wangu wa mwisho alifika kama kawaida, nywele zake nazo zimeanza kuwa nyeupe. Alimwaga ncha mezani. Nilitoa grainda mwenyewe nikaisukuma upande wake, na spana juu yake, kama tulivyozoea. Aliitazama. Aliangalia saa, akaangalia barabara, akafunga leso yake vizuri.

"Niko na haraka leo," akasema. "Simiyu ananingoja sokoni. Maliza tu, nitakuja kuchukua kesho."

Akatoka. Nilisikia gamboti zake zikikwaruza kokoto mpaka langoni. Nikaisukuma grainda kando, jiwe lake likiwa bado mahali pake, nikashika rodi.